Barua ya wazi kwa waliotengeneza bastola yangu: ndoano imemeguka, msiisingizie brashi yangu

Kwenu wakurugenzi wa kampuni, na kwako mkuu wa kitengo cha huduma kwa wateja,

YAH: NDOANO YA KUVUTA MAGANDA INAYOVUNJIKA, SEVISI AMBAYO HAIKUFANYIKA, NA UKIMYA WENU

Salaam, na poleni na majukumu.

Nawaandikia hadharani kwa sababu faraghani imeshindikana. Nimewatumia emaili 4 na barua 2 za rejesta, simu nimepiga mpaka dada wa mapokezi akawa ananijua kwa sauti kabla sijataja jina, na majibu yenu yote ukiyakamua yanatoa kitu kimoja tu, kwamba nihakikishe silaha inasafishwa vizuri. Jina la kampuni sitalitaja hapa, wenyewe mnajijua na namba ya silaha mnayo kwenye faili. Mi sio mtu wa kupenda makelele lakini hii sio redio kwamba ikikata unaizima unaenda kulala. Hii naivaa kiunoni usiku nikisindikiza mizigo ya watu, na siku nikiihitaji nitaihitaji kwa sekunde mbili tatu basi, sitakuwa na nafasi ya kupiga simu huduma kwa wateja.

Nimepanga malalamiko kwa namba ili asitokee mtu kusema sikueleweka. Naomba mnisome mpaka mwisho.

1. Ndoano yenyewe

Kwenye slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola inayorudi nyuma kila ukifyatua, kuna kale kandoano ka chuma kanakoshika ukingo wa ganda la risasi na kulivuta litoke kwenye chemba, yaani kichumba cha risasi nyuma ya mtutu, baada ya kufyatua. Kadogo, hakafiki ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Kakishindwa kazi yake ganda tupu linabaki ndani, slaidi ilisharudi nyuma na sasa inakwenda mbele imebeba risasi mpya, ile risasi inakuja kugonga kisogo cha ganda na vyote viwili vinagombania chemba moja, na wewe umebaki umeshika chuma. Kukwamua inabidi uivute slaidi nyuma uifunge, uchomoe magazini (kile kikasha cha risasi) kwa nguvu maana inakuwa imebanwa, ukoki mara mbili tatu mpaka ganda lidondoke, urudishe magazini, ukoki tena. Uwanjani mchana kweupe, hakuna anayekukimbilia, mikono imetulia, ni sekunde kadhaa. Usiku kwenye shida ya kweli hizo sekunde hazipo.

Nina daftari. Tangu siku ya kwanza, miaka 3 iliyopita, naandika tarehe, risasi ngapi nimepiga, za kiwanda gani, namba ya boksi, magazini ipi, na kama kuna kitu kimekwama. Magazini zangu ni 3 na nimezipaka alama chini, moja nyekundu moja nyeupe moja bluu, kwa sababu fundi mmoja mzee alinifundisha kwamba silaha ikikwama usikurupuke kuilaumu, angalia kwanza tatizo linamfuata nani. Likifuata magazini moja tu, basi midomo yake imepanuka au springi yake imechoka, tupa nunua nyingine. Likizifuata zote basi ugonjwa uko ndani ya silaha.

Risasi 1,139 za mwanzo hazikuwa na shida hata moja, na nasema hivyo kwa haki kabisa maana bastola yenyewe niliipenda, inakaa vizuri mkononi, inalenga pale pale. Ya 1,140 ganda likabaki chemba. Nikasema imetokea. Ya 1,162 tena. Kufika ya 1,400 ilikuwa imekwama mara 9, kwenye magazini zote 3, na risasi za viwanda 4 tofauti.

Nikavua slaidi, nikachukua lenzi ile ya mafundi saa, nikaiweka kwenye mwanga wa dirisha. Kona ya chini ya ndoano imemeguka. Haijalika, chuma kikilika kinang'aa na kinakuwa laini ukipitisha ukucha. Hii imekatika, mpasuko wake mkavu, wa kijivu, una chembechembe kama jiwe lililopasuliwa kwa nyundo. Huo sio uchafu ndugu zangu. Brashi ya nailoni haimegui chuma.

Naelewa vipuri vya namna hii siku hizi vingi havichongwi kwenye pande zima la chuma, unachukuliwa unga wa chuma unachanganywa na plastiki, unasukumwa kwenye umbo, halafu unaokwa tanuruni mpaka plastiki itoke na unga ushikamane. Sina ugomvi na hiyo njia, ikifanywa kwa makini inatoa kipuri kizuri na silaha nyingi za kuaminika zina vipuri hivyo. Ikifanywa haraka haraka vinabaki vitundu vya hewa ndani, na kipuri kinachotwangwa kila unapofyatua kinakatikia hapo hapo kwenye kitundu. Vipimo vya kujua kama ndivyo ilivyokuwa kwangu mnavyo nyie, mimi nina lenzi tu.

2. Sevisi ya kwenye karatasi

Mliniambia niilete. Nikaileta kwa utaratibu wote, vibali, kasha lenye kufuli, barua ya maelezo, kopi za kurasa za daftari na picha ya ile kona iliyomeguka. Kabla sijaifunga niliomba rangi ya kucha ya mke wangu, ya zambarau, nikaweka tone moja upande wa nje wa ndoano. Sikuwa nawatega, niliweka ili ikirudi nijue kipi kipya kipi cha zamani nianze kuhesabu upya kwenye daftari.

Mlikaa nayo wiki 11. Ikarudi na kadi nzuri yenye muhuri na saini, imekaguliwa, imesafishwa, imejaribiwa kwa risasi, inafanya kazi. Nikavua slaidi pale pale mezani. Tone la zambarau lipo. Halijakwaruzwa hata kidogo. Nikaweka lenzi, kona ile ile imemeguka vile vile, nikailinganisha na picha niliyopiga mwenyewe, ni ile ile.

Bado nikasema labda kuna kitu wamerekebisha ambacho mi sikioni, nikaenda uwanjani. Risasi ya 7 ya magazini ya kwanza, ganda likabaki. Hiyo ndiyo 1,407 kwenye daftari na ndiyo ya mwisho.

Kiukweli ile kadi imeniumiza kuliko ndoano. Ndoano ni chuma, chuma kinaweza kuvunjika popote duniani. Kadi ameiandika mtu. Mtu mwingine asiye na lenzi wala daftari angeipokea, akaamini muhuri, akaivaa akaenda kazini, kwa maana hiyo mmemrudishia silaha mbovu pamoja na sababu ya kuiamini.

3. Mmebadilisha kipuri kimya kimya

Hapa naomba mtulie kidogo.

Mwenzangu kazini, mama mmoja ambaye ameanza hii kazi kabla yangu, alinunua bastola ya muundo huu huu mwaka mmoja na nusu baada yangu. Nilipomsimulia akasema lete tuziweke pamoja. Tukakaa, magazini zote nje, chemba tumeangalia kwa jicho na kwa kidole, yeye yangu mimi yake, afu tukavua slaidi zote mbili tukazilaza kwenye kitambaa cheupe.

Ndoano hazifanani. Yake ni nene zaidi kwenye shina, na ile kona ya ndani ambayo yangu ni kali kama kona ya meza, yake imezungushwa ikawa mviringo. Fundi yeyote wa chuma, hata wa mageti, atakwambia kona kali ndipo ufa unapoanzia, ndio maana kipuri kinachobeba mzigo kinazungushwa kona. Tukafungua vitabu vyetu vya maelekezo ukurasa wenye picha ya vipuri vilivyotawanywa. Namba ya ndoano ni ile ile ila kwenye kitabu chake imeongezwa herufi moja mwishoni.

Kwa hiyo mlijua. Kuna mhandisi kwenu aliyekaa mezani akaona ile kona inavunja, akachora upya, michoro ikapitishwa, kiwanda kikabadilisha umbo, kitabu kikachapwa upya na herufi yake. Huyo mhandisi nampongeza, amefanya kazi yake. Ila baada ya hapo hakuna hata mmoja aliyefikiria kutuandikia sisi wa mwanzo. Na mimi nilisajili namba yangu kwenu wiki ile ile niliyonunua, anwani mnayo, emaili mnayo, matangazo ya mifuko mipya ya ngozi mnanitumia kila mara.

Wenzenu wamewahi kufanya tofauti, na dunia haikuisha. Kampuni ya Ruger ya Marekani walikuwa na bastola zao za kuzunguka, zile zenye silinda ya risasi, za miundo ya zamani, zilizotengenezwa kati ya 1953 na 1972, ambazo ukizibeba na risasi chini ya nyundo zikidondoka zinaweza kufyatuka. Mwaka 1973 wakaleta muundo mpya wenye kipande kinachopanda kati ya nyundo na pini pale tu triga inapobonyezwa, bila hicho nyundo haiifikii pini. Wangeweza kuishia hapo wakasema wa zamani shauri yao. Ila 1982 wakatangaza kwamba mwenye ile ya zamani ailete, watamfungia kifaa cha usalama bure. Zile silaha nyingine zilikuwa na karibu miaka 30 tayari. Na 2017, SIG Sauer, baada ya majaribio kuonyesha kwamba bastola yao ya P320 ikidondoka kwa pembe fulani inaweza kufyatuka yenyewe, walitangaza kuwabadilishia wateja vipuri vya triga bila malipo. Walichelewa, hawakuchelewa, watu wanabishana mpaka kesho, lakini tangazo lilitoka na mwenye silaha akajua cha kufanya. Mimi sijaomba bastola mpya, naomba kwanza hicho, kujua.

4. Kitabu cha maelekezo

Mnaniambia nitunze silaha. Sawa, kutunza ni wajibu wangu na sijawahi kuukwepa, hakuna chuma kisichohitaji mkono wa mwenyewe. Lakini utunze kitu kwa maelekezo gani? Kitabu chenu kina kurasa 48, karibu nusu ni maonyo yanayojirudia, na pale kwenye matunzo panasema safisha kila baada ya matumizi na paka oili kiasi. Kiasi gani, wapi, hakuna.

Kuhusu springi ya kurudishia slaidi hakuna hata namba moja. Watengenezaji wengine huandika wazi, badilisha kila risasi 3,000 au 5,000, na wanasema kwa nini, kwamba springi ikilegea slaidi inarudi nyuma kwa kishindo kikubwa kuliko ilivyokusudiwa na kipigo chote kinaingia kwenye fremu na kwenye vipuri vidogo. Kwenye kitabu chenu springi imetajwa mara moja, kwamba ukiivua uvae miwani.

Kuhusu tundu la pini, ile pini inayogonga fataki (kile kidonge kinachowasha baruti) kisogoni mwa risasi, mnasema mteja asilifungue, apeleke kwa fundi aliyeidhinishwa. Nikatii. Halafu kwenye jibu lenu la tatu mnaniandikia kwamba uchafu kwenye tundu la pini unafuta waranti. Hivi nyie mnataka nilisafishe au nisilifungue? Hili sio dogo, mtu akisoma "paka oili" bila kuambiwa wapi, atamimina oili mule ndani, oili itashika vumbi na masizi, itakuwa nzito kama gundi, na siku ya siku pini itakwenda taratibu iguse fataki bila kuiwasha. Nimeona bastola ya mtu iliyojaa oili hivyo, ukibonyeza triga unasikia mlio mzito tu, risasi inatoka na kijialama kidogo cha pini kisogoni. Ile sehemu inatakiwa kuwa safi na kavu. Sentensi moja tu kitabuni ingetosha.

Yapo na mengine hamjayagusa kabisa. Mtu anayetoa risasi chemba kila akirudi nyumbani na kuirudisha ile ile kila asubuhi, baada ya muda kichwa cha risasi kinasukumwa ndani ya ganda, nafasi ya baruti inapungua, na siku ikifyatuliwa mgandamizo unapanda kuliko silaha ilivyopimiwa. Anatakiwa azizungushe, ailinganishe urefu na mpya, iliyofupika aiweke pembeni. Wangapi wanajua? Au risasi za zamani za kijeshi ambazo fataki zake zina klorati ya potasiamu, zile zinaacha chumvi kwenye mtutu, chumvi inavuta unyevu, na oili haiyeyushi chumvi. Kinachoitoa ni maji, ya moto yakipatikana, afu unakausha vizuri ndio unapaka oili. Nina jamaa aliyesafisha kwa oili tu usiku ule ule, kwa nia njema kabisa, wiki mbili mtutu umekuwa na madoa ya kutu kama ndui. Hata kumwambia mtu asiihifadhi bastola ndani ya mfuko wake wa ngozi hamjamwambia, na ngozi inakaa na jasho.

Mambo haya mafundi wanayajua na wanaambiana kwa mdomo. Aliyenunua silaha kihalali na hana fundi wa karibu anabaki na kitabu chenu.

5. Vipuri na mafundi

Hili fupi. Niliomba kununua ndoano kwa hela yangu. Mkasema ni kipuri cha kiwanda hakiuzwi kwa mteja, kifungwe na fundi aliyeidhinishwa. Nikaomba orodha ya mafundi walioidhinishwa. Mkanijibu orodha inaandaliwa. Hiyo ni miezi 8 sasa.

Sasa najua mtanijibu nini, kwa hiyo naomba nijibu kabla.

Mtasema sikusafisha. Nikitoka uwanjani, kabla sijala, naivua. Naosha chemba na mtutu kwa dawa na brashi ya shaba, kuanzia nyuma kwenda mbele, napitisha vitambaa mpaka kimoja kitoke kama kilivyoingia. Chini ya ndoano napitisha mswaki wa zamani na kijiti cha mti kilichochongwa, maana najua masizi yakijaa pale ndoano inashindwa kushika ukingo, hiyo naijua na nimeiondoa kwenye orodha ya washukiwa mapema. Kwenye reli za slaidi natonesha oili tone moja moja, nafuta iliyozidi. Naandika kwenye daftari. Afu nanawa mikono kwa sabuni kwa sababu ya madini ya risasi (ledi) na masizi yake, nina watoto nyumbani.

Na hili la kumwambia mwenye silaha "hukusafisha" lina historia mbaya, naomba mlifikirie. Wanajeshi wa Marekani walipopewa M16 kule Vietnam miaka ya 60, walikuwa wanakutwa wamekufa na bunduki imekwama, ganda limegoma kutoka chemba, wengine na fimbo ya kusafishia mkononi wanajaribu kulisukuma kutoka mdomoni mwa mtutu. Kukwama kwenyewe ni huku huku ninakolalamikia mimi. Na lawama kubwa ikapelekwa kwa askari kwamba hawasafishi. Mwaka 1967 kamati ndogo ya bunge lao, chini ya Richard Ichord, ikachunguza. Ikaonekana baruti ilikuwa imebadilishwa ikawekwa aina inayoacha masizi zaidi na kuongeza kasi ya bunduki, chemba haikuwa na krome ya kuzuia kutu na ule unyevu wa msituni ukaitia kutu, na vifaa vya kusafishia pamoja na mafunzo havikuwafikia wote, tena kulikuwa na maneno kwamba ile bunduki haihitaji kusafishwa sana. Baadaye chemba ikatiwa krome, vifaa vikasambazwa, na 1968 jeshi likatoa kijitabu cha katuni cha kumfundisha askari kuitunza. Ndio, usafi ulikuwa sehemu ya tatizo, hata mimi sikatai. Lakini walioagiza baruti na walioacha krome hawakuwa wale vijana walioko kwenye matope.

Mtasema risasi mbovu. Viwanda 4, maboksi 11 yenye namba tofauti, zote za kiwandani, hakuna iliyojazwa upya nyumbani. Na risasi mbovu naijua. Mara moja kwenye bastola nyingine nilisikia mlio mdogo kama wa kizibo badala ya kishindo, nikaacha hapo hapo, nikatoa magazini, nikavua slaidi nikatazama mtutu kwa kutokea nyuma, kichwa cha risasi kilikuwa kimekwama katikati. Ningefyatua ya pili mtutu ungeweza kupasuka. Kwa hiyo naweza kutofautisha baruti pungufu na chuma kilichovunjika.

Mtasema ina muhuri wa majaribio. Nauheshimu ule muhuri, huo utaratibu wa kupima mitutu ni wa zamani, Birmingham Uingereza walijenga nyumba yao ya majaribio kwa sheria ya 1813, na mpaka leo kwenye nchi zenye utaratibu huo silaha inafyatuliwa risasi yenye mgandamizo kupita wa kawaida kabla haijauzwa. Lakini jaribio hilo linapima kama mtutu na chemba vitastahimili. Ndoano itakuwaje baada ya risasi elfu na mia moja, halipimi hilo na halijawahi kusema linapima.

Mtasema hakuna sheria inayowalazimisha kutangaza. Inawezekana mna haki, hata Marekani, ile sheria ya 1972 iliyoanzisha tume ya usalama wa bidhaa iliziacha bunduki nje, kwa hiyo tume inayoweza kufuatilia kitanda cha mtoto haina mamlaka juu ya bastola. Ndio maana sijawaandikia kupitia wakili. Nimewaandikia nyie kwa sababu kama sheria haipo basi kilichobaki kati yangu na ile ndoano ni nyie.

Na mtasema ni mteja mmoja. Mimi ndiye mwenye daftari, labda ndio maana ni mmoja. Wengine ikikwama wanaigonga kwa kiganja, wanakoki, wanasonga mbele, na kama kitabu kimewaambia kila kitu ni usafi wanajilaumu wenyewe.

Ninachoomba ni haya:

a) Tangazeni namba za silaha zote zilizotoka na ndoano ya mwanzo, ile isiyo na herufi, na mtume taarifa kwa kila aliyejisajili. Mifuko ya ngozi mnajua kututumia, na hii mtaweza.

b) Mbadilishe hizo ndoano bure, na springi yake, bila kuuliza risiti ya brashi.

c) Kitabu kiandikwe upya: springi zibadilishwe baada ya risasi ngapi, oili iwekwe wapi na wapi isiwekwe kabisa, tundu la pini lisafishwe na nani na kila baada ya muda gani. Picha ziwe kubwa, maneno yawe ya lugha anayoisoma mnunuzi.

d) Mtoe orodha ya mafundi, na kama hawapo, muuze vipuri vidogo kwa mwenye kibali.

e) Aliyesaini kadi yangu aulizwe alifanya nini kwa wiki 11. Siombi afukuzwe. Naomba kila kadi aliyosaini kipindi hicho ifunguliwe tena, kwa sababu nyuma ya kila kadi kuna mtu amevaa hiyo silaha leo.

Nawapa siku 30 kuanzia leo. Zikipita bila jibu la maandishi nitapeleka daftari, picha na bastola yenyewe kwa mamlaka inayotoa vibali na kwa wasimamizi wa uwanja ninaolengea, waamue wenyewe kama muundo huu uendelee kuruhusiwa pale. Mwenzangu niliyemtaja yuko tayari kuleta na yake wazilinganishe.

Kwa sasa kazini natumia bastola ya kuzunguka ya zamani niliyoazimwa kihalali na mwajiri, nzito, inabeba risasi 6 tu, imechakaa rangi yote. Yenu ipo ndani ya kasha, haina risasi, nimeifunga kikaratasi kwenye triga nimeandika ISITUMIKE ili hata mimi mwenyewe nisisahau usiku nikiwa na haraka. Kwenye daftari mstari unaofuata 1,407 nimeuacha wazi. Mkinitumia ndoano mpya nitaandika hapo tarehe na namba yake, na nitapiga risasi 200 kabla sijaivaa tena, na nitawaandikia matokeo hadharani hapa hapa, yawe mazuri au mabaya.

Wenu,
Mteja wenu, mwenye tone la zambarau